Fumbo la Vazi na Wafumbuaji Wake: Kutoka Kanga ya Pwani hadi Kikwembe cha Katogota

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa inadai nini. Inadai kuwa ufumbuaji ni kazi ya mtu mmoja, na kwamba sifa inayohitajika ni werevu wake. Fumbo liko mbele yake kama kufuli, naye ana ufunguo kichwani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halitoshi tunapokabili mafumbo yanayohusu mavazi. Mavazi ni uwanja mzuri wa kulijaribia, kwa sababu katika Afrika Mashariki na Kongo ya mashariki vazi husema, na mara nyingi husema kwa kuficha. Tutatoa chemshabongo fupi yenye mafumbo saba, kisha tutaeleza jinsi kila moja linavyofumbuliwa na ni msaada wa nani unaohitajika. Mwishoni tutajaribu kutoa utaratibu ambao mwanafunzi anayekwenda uwandani anaweza kuufuata.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuangalie lugha yenyewe. Kiswahili husema kufumba na kufumbua, kutega na kutegua, kufunga na kufungua. Katika jozi hizi kitenzi cha pili hutendua kile cha kwanza. Kando ya jozi hizo tunakuta kuvaa na kuvua. Hatuna haja ya kuingia katika historia ya maumbo haya. Inatosha kutambua kwamba msemaji wa Kiswahili anayaweka fumbo, tego, fundo na vazi katika mpango mmoja wa maana. Kilichofumbwa kimevikwa kitu, anayekifumbua anakivua. Kwa hiyo fumbo la vazi ni vazi juu ya vazi.

2.0 Chemshabongo yenyewe

Mafumbo yetu saba ni haya yafuatayo. Mengine ni ya jadi, mengine tumeyatunga kwa ajili ya makala haya kutokana na mambo yanayojulikana.

(1) Nina shingo lakini sina kichwa. Nina mikono lakini sina vidole.
(2) Blanketi la babu lina chawa.
(3) Mmoja hutaga, mwingine hufungwa kiunoni. Jina lao ni moja.
(4) "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Mtu huyo ni nani?
(5) Tundu li wazi na ndege wametoka. Kitambaa kinasema nini?
(6) Mishumaa sita, wala hata mmoja haumuliki nyumba.
(7) Mimi ni vazi, na jina langu ni laana kwa vazi jingine.

Tuchukulie kwamba mwanafunzi mmoja ameketi peke yake katika maktaba ya chuo, Dar es Salaam au Nairobi, akiwa na karatasi hii na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981. Ni mwanafunzi hodari. Tutamfuata hatua kwa hatua na kuona anafika wapi.

3.0 Mafumbo yenye ufunguo ndani yake

3.1 Shati na mbingu

Fumbo la kwanza halimpi shida. Kila alichoambiwa kinamhusu mtu, lakini mtu huyo amekatwa kichwa na vidole. Kitu chenye umbo la mtu pasipo mtu ndani yake ni shati. Hapa vazi ndilo jibu, na maelezo ya mwili ndiyo maficho.

Fumbo la pili humnasa kwa sababu ya fumbo la kwanza. Kwa kuwa ameshazoea kwamba jibu ni vazi, atatafuta aina ya blanketi, au kitambaa chenye madoadoa. Jibu ni mbingu na nyota. Safari hii blanketi ndilo maficho, na kilichofichwa hakihusiani na nguo hata kidogo. Mwanafunzi anajifunza kanuni ya kwanza: katika fumbo la vazi, usidhani kwamba vazi ni jibu. Uliza kwanza kama vazi ndilo linalofichwa au ndilo linaloficha.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mafumbo haya mawili, ambayo yeye ameyatatua kwenye karatasi, hayakuumbwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake. Kitendawili huhitaji pande mbili. Mmoja husema "Kitendawili!" na wengine huitikia "Tega!" Wasikilizaji hujaribu mmoja baada ya mwingine, na jibu la kosa la huyu humpa mwenzake njia. Aliyesema "kitambaa chenye madoadoa" amekwisha kuwasaidia wengine kwa kuwaonyesha mahali ambapo jibu halipo. Wote wakishindwa, mtegaji hudai: "Nipeni mji." Hupewa mji, akajigamba kidogo kuhusu aliyoyakuta huko, ndipo akatoa jibu. Kwa hiyo hata kushindwa kuna nafasi yake rasmi katika mchezo, na hulipiwa kwa pamoja. Kamusi na karatasi vimemnyima mwanafunzi wetu nusu ya kitendawili.

3.2 Kanga na kanga

Fumbo la tatu linahitaji kamusi, na kamusi inatosha. Neno kanga lina maana zaidi ya moja: ni ndege mwenye manyoya meusi yaliyotapakaa madoa meupe, na ni vazi la mwanamke. Masimulizi ya pwani hueleza kwamba vitambaa vya awali vilikuwa na madoa yaliyowakumbusha watu ndege huyo. Iwe asili ni hiyo au nyingine, fumbo linafumbuliwa kwa kutambua kwamba neno moja limevaliwa na vitu viwili.

Hata hivyo, tukimpelekea fumbo hili mzungumzaji wa Mombasa, huenda akasita, si kwa kukosa werevu bali kwa sababu kwake vazi hilo ni leso, neno lililotokana na Kireno. Huko ndege ni kanga na nguo ni leso, hivyo fumbo halina mahali pa kushika. Tukilipeleka Katogota, vazi la kila siku la mwanamke tutalisikia likiitwa kikwembe. Jambo hili dogo linatuonya mapema: fumbo linaloegemea neno husafiri hadi pale neno linapokoma.

4.0 Mafumbo ambayo ufunguo wake uko kwa watu

4.1 Jina la kanga

Kanga ina sehemu tatu ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuzijua. Pembezoni pande zote kuna pindo. Katikati kuna mji. Chini, juu ya pindo, kuna maandishi ambayo huitwa jina. Huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizounganika, ambazo hukatwa na kupindwa. Uongezaji wa maandishi unahusishwa zaidi na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye kanga zake zimejulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Hapo mwanzo maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye hati za Kirumi zikatawala.

Fumbo la nne ni jina la kanga linalojulikana sana. Mwanafunzi wetu analisoma bila tatizo. Anaona mchezo wa sauti baina ya meno na maneno: silabi moja imeingizwa katikati na hatari yote imeondoka. Simba hung'ata kwa meno, binadamu hung'ata kwa maneno, na msemaji anakataa kwamba aina hizo mbili za kung'ata zina uzito sawa. Uchambuzi huu ni sahihi na unaweza kumpa alama nzuri katika mtihani.

Lakini swali halikuwa hilo. Swali lilikuwa: mtu huyo ni nani? Hapa maktaba haina jibu. Jina la kanga limechapwa kwa maelfu na halimtaji yeyote. Linampata mtu pale tu mwanamke fulani anapolivaa siku fulani na kupita mbele ya mlango fulani. Jirani aliyekuwa akisema maneno jana anajua kwamba ameambiwa. Jirani wa tatu anajua pia, kwa kuwa alisikia maneno ya jana. Mpita njia anaona nguo tu. Na mvaaji akiulizwa, ana haki ya kujibu kwamba alipenda rangi.

Katika uwezo huu wa kukana ndipo nguvu ya fumbo ilipo. Kanga humruhusu mtu aseme jambo zito bila kulisema, na ugomvi ukizuka hakuna ushahidi. Kwa sababu hiyo kulifumbua kunataka mashahidi, siyo kamusi. Tunahitaji mtu anayejua yaliyotokea mtaani. Na kwa sababu hiyo hiyo kosa lina gharama. Mgeni anayenunua kanga kwa ajili ya mama mkwe, akivutiwa na ua lililo katika mji na asijali jina lililo chini, anaweza kupeleka tusi akidhani anapeleka zawadi. Wenyeji hujihadhari kwa njia rahisi: huwasomeana majina dukani kabla ya kulipa.

Tumeona kwamba katika kitendawili walioshindwa hutoa mji, na kwamba katika kanga sehemu ya katikati huitwa mji. Hatudai kuwa maana hizi mbili zina asili moja. Tunadokeza tu kwamba katika zote mbili yeye anayetazama mji peke yake hajapata jibu.

4.2 Vitenge visivyo na maneno

Fumbo la tano na la sita hutupeleka bara, na hatuna budi kueleza tofauti ya msingi. Kanga ina maneno na inaficha mlengwa. Kitenge kina picha na kinaficha maneno. Mwenye kukitazama hana hata sentensi ya kuanzia.

Vitenge vya nta vilivyoenea Afrika ya magharibi na ya kati vina historia ndefu ya kusafiri. Mbinu yake iliigwa kutoka batiki za Java. Kiwanda maarufu zaidi, Vlisco, kilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi. Baadaye viwanda vya Kiafrika navyo vilichapa vitambaa: Sotexki ya Kisangani, Utexafrica ya Kinshasa, na upande wa Bahari ya Hindi kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Jambo linalotuhusu ni hili: kwa desturi kitambaa cha nta hutoka kiwandani kikiwa na namba. Jina hukipata sokoni, kwa wanawake wanaokiuza na wanaokinunua. Hivyo hata mchoraji wa picha akipatikana leo, hawezi kutoa jibu la fumbo, kwa sababu si yeye aliyelitega.

Katika fumbo la tano, picha ni tundu lililo wazi na ndege waliotoka. Mwanafunzi wetu anaweza kukisia uhuru, au safari, au labda mtoto aliyeondoka nyumbani. Makisio yote ni ya akili, na yote si jibu. Katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa kitambaa hiki huitwa *Si tu sors, je sors*, yaani "Ukitoka, nami natoka". Ni mke anayemwambia mume: ukienda kutafuta wengine nje, usidhani nitabaki ndani nikikungoja. Msemaji wa Kivu angeweza kusema, "Kama unatoka, na miye natoka." Tafsiri zote mbili zinahifadhi ulinganifu wa pande mbili ambao ndio kiini cha onyo, na zote zinatumia wakati uliopo, kwa hiyo hakuna ahadi ya baadaye bali mlango ulio wazi sasa hivi.

Fumbo la sita ni gumu zaidi kwa sababu linamwadhibu mtu aliye na nusu ya maarifa. Kitambaa chenyewe huitwa *Six bougies*. Mwanafunzi aliyesoma Kifaransa kidogo atafungua kamusi na kukuta kwamba *bougie* ni mshumaa. Ndiyo maana tumeandika mishumaa. Akikitazama kitambaa, haoni mshumaa hata mmoja. Anaona vijiti vyenye kichwa na mkia, vimepangwa kama mapambo. Mtu wa kumsaidia hapa si mwalimu wa fasihi bali ni fundi wa magari, ambaye atavitambua mara moja: ni plagi za injini. Katika Kifaransa neno *bougie* ni mshumaa na pia ni plagi, na mafundi wa Kongo hutumia neno hilo la Kifaransa. Plagi sita ni injini ya silinda sita, na injini ya silinda sita ni gari la mtu mwenye uwezo. Kitambaa kinamtangaza mvaaji wake kuwa mwanamke mwenye nguvu na mali. Ili kulifumbua fumbo hili tumehitaji watu watatu: mwenye kujua jina la sokoni, mwenye kujua Kifaransa, na mwenye mikono yenye grisi.

Pia hatuna budi kukubali kwamba jibu linaweza kuwa zaidi ya moja. Kuna kitambaa maarufu cha duara ndani ya duara. Katika miji inayotumia Kifaransa wapo walioona ndani yake sahani ya santuri na kukiita hivyo. Nchini Ghana, wasemaji wa Kiakan hukiita *Nsu Bura*, kisima cha maji, kwa maana wameona mawimbi yanayoenea jiwe linapotupwa kisimani. Nani amekosea? Hakuna. Picha ni moja, wategaji ni wawili.

4.3 Vazi lililojengwa kwa laana

Fumbo la saba linahitaji historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Kongo kuitwa Zaire mnamo Oktoba 1971, utawala wa Mobutu Sese Seko ulitangaza siasa ya kurudia uhalisi wa Kiafrika. Wanaume walikatazwa suti na tai, na badala yake wakatakiwa kuvaa koti lenye kola lisilohitaji tai. Wanawake walitakiwa kuvaa kitenge. Koti hilo liliitwa *abacost*. Mwanafunzi anaweza kulitafuta neno hili katika msamiati wa Kibantu mpaka achoke. Ni maneno ya Kifaransa yaliyoshonwa pamoja, *à bas le costume*, yaani "suti na ianguke". Vazi limepewa jina la laana dhidi ya vazi jingine, na wavaaji wengi walilitamka kila siku pasipo kuona mshono.

Amri hiyo ilidumu hadi tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu tai. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hana kumbukumbu ya *abacost*. Mtu wa kumsaidia ni mzee aliyelivaa. Hili ni fumbo ambalo wafumbuaji wake wanapungua kila mwaka.

5.0 Kwa nini Katogota?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tumeweka jina la kijiji cha Kongo katika anwani ya makala haya, na hali sehemu kubwa ya taaluma yetu imezoea kutafuta majibu Unguja, Mombasa na Lamu.

Katogota ni kijiji cha uwanda wa Ruzizi, katika wilaya ya Uvira, mkoa wa Kivu Kusini. Kipo kwenye barabara kuu inayoshuka kutoka Bukavu kuelekea Uvira, baina ya Kamanyola na Luvungi. Mto Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika hupita karibu. Ng'ambo ni Burundi, na Rwanda haiko mbali. Katika ukoloni wa Wabelgiji uwanda huu ulilimwa pamba, yaani ulitoa malighafi ya nguo. Nguo zenyewe zilifika kwa njia nyingi: kutoka magharibi kupitia Kisangani na Kinshasa, na kutoka mashariki kupitia Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, kisha kwa vyombo vya ziwani.

Mtu wa mahali kama hapa hukua ndani ya lugha kadhaa. Kifuliiru ni lugha ya nyumbani ya wengi. Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara. Kifaransa ni lugha ya shule na ya ofisi. Kirundi na Kinyarwanda husikika kutoka ng'ambo, na Lingala huja na muziki na askari. Kiswahili chake kina alama za mazingira hayo. Tunasema kikwembe, lakini katika wingi msikilizaji atasikia bikwembe mara nyingi kuliko vikwembe, kwa kuwa kiambishi bi- kinawiana na ibi- ya Kifuliiru na ya Kirundi. Salamu ya "Jambo", ambayo pwani huachiwa wageni, huko ni salamu ya kawaida baina ya wenyeji.

Kwa miaka mingi sifa hizi zimeorodheshwa kama upungufu: Kiswahili cha Kongo kimeelezwa kuwa ni Kiswahili kilichopotoka. Tuirudie chemshabongo yetu na kupima. Mwanafunzi wetu mwenye Kiswahili sanifu amefumbua peke yake fumbo la kwanza na, kwa msaada wa kamusi, la tatu. La pili lilimnasa. La nne amelichambua bila kulijibu. La tano, la sita na la saba yamemshinda kabisa. Mwanamke anayeuza bikwembe pembeni mwa barabara hiyo ya Ruzizi, mwenye Kiswahili cha soko, Kifaransa cha shule na masikio yaliyozoea majina ya vitambaa, ana nafasi nzuri zaidi ya kuyafumbua hayo matatu. Yeye naye akipewa fumbo la nne, la jina la kanga, angehitaji msaada wa mwanamke wa Mombasa. Hakuna kati yao aliye na Kiswahili kizima. Ukiwaweka watatu pamoja, chemshabongo inakwisha.

Lipo jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Tangu mwaka 1996 uwanda wa Ruzizi umepitiwa na vita mara kwa mara. Tarehe 14 Mei 2000, wakati wa vita vya pili vya Kongo, raia wa Katogota waliuawa na askari katika kijiji chao. Wengi wa uwanda huo wamewahi kukimbilia Burundi, Tanzania na mbali zaidi. Hatulinganishi uhai wa watu na majina ya vitambaa. Tunasema tu kwamba maarifa tunayoyazungumzia hayakuandikwa popote. Yamo katika mazungumzo ya watu walioishi pamoja. Watu hao wakitawanyika, kila mmoja huondoka na kipande cha jibu, na kitambaa hubaki na picha isiyo na maneno. Mwanamke anayefungua mzigo wake kambini na kumweleza binti yake jina la kikwembe kimoja baada ya kingine anafanya kazi ambayo vyuo vyetu vimechelewa kuifanya.

6.0 Utaratibu wa kuuliza

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza hatua chache kwa mwanafunzi anayekusanya mafumbo ya mavazi.

Kwanza, aamue kama vazi ndilo jibu au ndilo maficho, kama tulivyoona katika fumbo la pili.

Pili, atambue ni kitu gani kimefichwa: kitu, neno, maneno, au mlengwa. Kitendawili huficha kitu. Fumbo la kanga na ndege huficha neno. Kitenge huficha maneno. Jina la kanga huficha mlengwa. Kila aina ina mtu wake wa kuulizwa.

Tatu, aanze kwa mvaaji na muuzaji kabla ya kwenda kwa msomi. Aanze pia kwa salamu ya mahali hapo. "Jambo, mama" ya Katogota na "Shikamoo, mama" ya Tanzania hufungua mlango mmoja kwa funguo mbili. Na mvaaji akisema kwamba alipenda rangi tu, aandike hivyo na asimlazimishe. Haki ya kukana ni sehemu ya fumbo.

Nne, asiandike jina la kitambaa bila kuandika limetolewa wapi, kwa lugha gani, na katika tukio gani. Jina lisilo na mahali ni jina lililovuliwa. Akipata majina mawili ya kitambaa kimoja, ayaandike yote na asichague moja kuwa ndilo sahihi.

Tano, arudi kwa aliowauliza na kuwasomea alichoandika. Katika kitendawili mtegaji ndiye mwenye kuthibitisha jibu. Mtafiti anayeondoka na majibu bila kuyarudisha amejitwalia mji ambao hakupewa.

7.0 Hitimisho

Tulianza na methali inayosema kwamba mwerevu huligangua fumbo. Hatukusudii kuikanusha, mafumbo mengine hufumbuliwa na akili ya mtu mmoja, na shati ni mfano. Lakini katika mafumbo saba tuliyoyaangalia, yale yenye uzito zaidi katika maisha ya watu hayakufumbuka mpaka tulipomtafuta jirani, muuza vitenge, fundi wa magari au mzee aliyevaa *abacost*. Werevu uliohitajika ulikuwa wa kujua nani aulizwe, na unyenyekevu wa kumwendea.

Ipo methali nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha vyuoni, labda kwa kuwa tunawaambia watoto wadogo tu: kuuliza si ujinga. Tunapendekeza methali hizi mbili zifundishwe pamoja. Na wale wanaokusanya misamiati ya mavazi ya Kiswahili, kama wameshafika Lamu na Unguja, sasa washike pia barabara ya Ruzizi, wasimame Katogota, na waulize kikwembe hiki kinaitwaje.